Kipimo cha Kichwa cha Bwana Harusi

Siku ya kwanza nyumbani kwao nilipewa sindano, na kabla ya adhuhuri nikanyang'anywa.

Nilikuwa nimefika jioni ya Jumamosi. Kutoka Morogoro hadi Tanga siku moja, nikalala, asubuhi nikavuka mpaka Horohoro nikiwa na begi moja la nguo na kapu la mchele wa Kilombero ambalo afisa wa mpakani alilitazama kwa huzuni, kama mtu anayeona mgeni anapeleka chumvi baharini. Kisha feri ya Likoni, na ng'ambo ya pili shangazi yake rafiki yangu akanipokea kwa kunishika mashavu mawili na kuniuliza hali yangu, ya mama yangu, ya baba yangu, ya safari, ya barabara na ya mpaka, moja baada ya nyingine, na kila nilipojibu "salama" akashukuru Mungu upya. Mimi ni mtu wa haraka. Kwetu salamu mbili zinatosha, tunaingia kwenye habari. Lakini nilikuwa na furaha kiasi kwamba ningesalimiwa mpaka usiku.

Rafiki yangu tulisoma naye chuo Dar es Salaam, miaka minne chumba kimoja, sote tukisomea ufamasia. Yeye akarudi kwao Mombasa, mimi Morogoro, na tangu hapo urafiki wetu ukawa wa simu. Aliponiambia anaolewa, nilimwuliza tarehe tu. Ruhusa ya kazini niliiomba siku ileile. Ndoa ilikuwa Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, na mimi nikaamua kwenda wiki nzima kabla, nikidhani nitakula, nitatazama na nitapumzika. Kumbe nyumba yenye harusi haina mgeni. Anayeingia anapewa kitu mkononi.

Kwao ni Kibokoni, ghorofa ya pili, juu ya ngazi zenye mwinuko ambao mtu anapanda akihesabu dhambi zake. Rafiki yangu nilimkuta amewekwa ndani. Hatoki, haonekani na watu, na bwana harusi hamwoni mpaka siku yenyewe. Anasuguliwa liwa, unga wa mti wa sandali, asubuhi na jioni, na simu yake iko kwenye mfuko wa shangazi.

"Umenipata gerezani," aliniambia, akinikumbatia kwa mikono iliyonukia sandali.

"Gereza lina mahamri?"

"Lina mahamri na mbaazi."

"Basi nami nifungwe."

Hapo ndipo aliponionyesha kofia.

Ilikuwa kofia nyeupe ya mkono, ya aina ile ambayo kitambaa chake hutobolewa vitundu vidogo, na kila kitundu kikazungushiwa uzi kwa sindano mpaka kikasimama. Vitundu vikiungana vinafanya maua. Ukanda wa kofia ile ulipangiwa maua kumi na manne, na alikuwa ameushona miezi minane, kila siku akirudi kutoka duka la dawa. Bibi yake ndiye aliyemfundisha. Bibi alikuwa ameshona kofia maisha yake yote, ila sasa macho yamemwisha, anaona kivuli na mwanga tu, kwa hiyo alifundisha kwa kidole. Ulikuwa umebaki ua moja na kuunganisha.

Nikamwambia, mbona kofia kama hizi nimesikia zinauzwa, kwa nini ujitese? Akakunja kitambaa magotini.

"Ndoa itafungwa msikitini, baina ya wanaume," akasema. "Baba atanioza, yeye atakubali, mashahidi watasikia. Na miye nitakuwa nimekaa hapa, kwenye kitanda hiki, nangoja kuambiwa kuwa nimeshaolewa. Sikatai, ndivyo kwetu. Lakini nataka kitu changu kiwepo pale. Nataka kiwe juu ya kichwa chake anapokubali."

Mimi nilikuwa na mzaha tayari mdomoni, nikaumeza. Nilimwona jinsi alivyoishika ile kofia.

Basi kesho yake asubuhi nikajitolea kusaidia. Nilishona vitundu vitano kwa kasi ya mtu anayefukuzana na basi, nikampa bibi avikague. Bibi alikaa kwenye mkeka, leso mbili mwilini, akapitisha kidole cha shahada juu ya ukanda polepole sana. Kidole kikafika kwangu, kikasimama.

"Hapa amepita nani?"

"Mimi, bibi."

"Mwanangu," akasema kwa upole ulionichoma kuliko tusi, "wakimbizwa na nani?"

Akavifumua vyote vitano. Nikanyang'anywa sindano, nikapewa kitambaa kibovu cha mazoezi, na bibi akaniambia kila baada ya alasiri nikae naye nishone vitundu kumi, basi. Nilikasirika, na nasema wazi. Mimi na shahada yangu, nakaa mkekani na kitambaa kibovu! Lakini kila alasiri nilikwenda, kwa sababu kwa bibi kulikuwa na kaimati tamu za moto, na kwa sababu alinichekesha. Alimwita bwana harusi mume wake. Rafiki yangu, kwa bibi, alikuwa mke mwenza.

"Mume wangu ana kitwa, mashallah," alisema kila akigusa kofia. "Kitwa kikubwa cha mtu aliyesoma. Tizama kipimo chake."

Kipimo kilikuwa uzi wenye mafundo mawili, uliohifadhiwa kwenye kopo la vifungo. Rafiki yangu aliupima mwenyewe, siku bwana harusi alipokuja na wazazi wake kuleta posa, katika sebule ileile, mbele ya watu wote, kwa kumzungushia uzi kichwani huku mashangazi wakicheka. Kila jioni aliupima ukanda kwa uzi ule. Huyu ni binti ambaye kazini hupima dawa ya watoto kwa matone na harudii mara mbili. Nilimwamini yeye na uzi wake.

Siku zikaenda mbio. Jumatatu shangazi alinipeleka Biashara Street kununua leso za sare za wanawake wa nyumba. Nikaingia dukani nikaomba khanga, kama tunavyoziita leso kwetu, muuzaji akanitazama akatabasamu, akamwuliza shangazi, "Mgeni wenu ametoka Tanganyika?" Shangazi akasema ndiyo, na ni wetu, kwa hiyo bei iwe ya wetu. Zikateremshwa rafu nzima, zikafunuliwa juu ya meza mpaka meza haionekani, na mimi nikataka zote. Tukarudi na mzigo ulioshinda ngazi. Jumanne wakaja wanawake wa mtaa kuchambua mchele, na ule wangu wa Kilombero ukasifiwa kwa harufu, nikavimba kichwa siku nzima. Waliponisikia nikijaribu kupiga kigelegele walicheka hadi wakashika mbavu. Mmoja aliniambia sauti yangu ni ya kufukuza ndege shambani. Nikapiga tena, kwa ubishi.

Jumatano kofia ikaisha. Ua la kumi na nne likafungwa, ukanda ukaunganishwa, kichwa cha kofia kikashonewa juu, ikafuliwa, ikatiwa wanga na kuvikwa juu ya bakuli lililopinduliwa, ikauke ikiwa na umbo. Rafiki yangu aliizunguka kama mama aliyelaza mtoto. Alikuwa haamini. Nami alasiri ile bibi alikipapasa kitambaa changu kibovu, vitundu kumi, akafika mwisho bila kusimama.

"Huyu sasa ameketi kitako," akamwambia mjukuu wake.

Sijawahi kupewa cheti kilichonifurahisha vile.

Alhamisi asubuhi ndipo mambo yalipoharibika. Kwa kina bwana harusi ni desturi siku moja kabla ya ndoa anyolewe, na upande wa bi harusi hupeleka sinia la vyakula na marashi kushuhudia. Tulitumwa shangazi na mimi. Tulipotoka, mwanamke wa kupaka hina alikuwa ndio kwanza anapanda ngazi na vikopo vyake, na rafiki yangu akanishika mkono akaninong'oneza, "Mtizame vizuri uje unieleze. Kila kitu." Siku tano alikuwa hajasikia hata sauti yake.

Kwao bwana harusi ni Ganjoni, kwenye fleti, ghorofa ya tatu. Nilikuwa namjua kwa picha. Anafanya kazi ofisini bandarini, kijana mpole, na sifa yake kubwa ni nywele. Alikuwa nazo nyingi, nene, zimesimama pande zote, na kwenye kila picha rafiki yangu alizitaja kwanza kabla ya macho. Tulimkuta amekaa kwenye kiti katikati ya sebule, shuka jeupe limemfunika hadi miguuni, kinyozi nyuma yake, na mashangazi zake wamesimama duara na chupa za marashi. Kinyozi akaanza. Kila fungu la nywele likianguka, vigelegele. Nami nikapiga changu, watu wakageuka.

Nywele zikaanguka, zikaanguka, zikaanguka. Kilipobaki kichwa chenyewe, kimepakwa mafuta kinang'aa, nilipiga makofi kwa furaha, halafu mikono yangu ikasimama hewani.

Kilikuwa kichwa kidogo. Kizuri, sikatai, lakini kidogo kama kokwa la embe lililonyonywa na mtoto.

Uzi wa mafundo mawili ulizungushwa juu ya zile nywele. Miezi minane imeshonwa kofia ya nywele zake, na nywele sasa zinafagiliwa. Rafiki yangu alijua atanyolewa, mashangazi wote walijua, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka. Bibi ndiye angekumbuka, ila bibi hajawahi kuzigusa zile nywele. Kila alipokuja kumwamkia, bwana harusi alivaa kofia kwa adabu, ya pamba, kubwa, ya kuvutika.

Nilimkanyaga shangazi mguu, nikamnong'oneza neno moja: "Kofia." Alitazama kichwa. Nikaona rangi inamtoka.

"Usiseme kitu hapa," akanijibu bila kusogeza midomo.

Nilielewa. Nusu ya wanawake waliokuwa pale wangefika Kibokoni kabla yetu, na kufikia magharibi ingekuwa habari ya mji kwamba bi harusi hajui ukubwa wa kichwa cha mumewe. Lakini bila kipimo kipya tungerudi na nini? Ndipo nilipofanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka peke yangu nacheka kwa sauti. Sinia letu lilikuwa limefungwa kwa utepe mwekundu. Niliufungua, nikapita katikati ya mashangazi, nikasimama mbele ya bwana harusi wa watu na kusema kwa sauti ya mhubiri:

"Samahanini mama zangu. Kwetu Morogoro bwana harusi akishanyolewa, mgeni aliyetoka mbali humzungushia utepe kichwani na kumwombea heri. Mkiniruhusu."

Uongo mtupu. Kwetu hakuna kitu kama hicho. Lakini shangazi, Mungu ampe maisha marefu, hakupepesa jicho. "Ni mila yao ya zamani sana," akasema. "Hata sisi ametwambia."

Nikamzungushia. Juu kidogo ya masikio, pale kofia inapokaa. Bwana harusi alinitazama kwa macho ya kuuliza, nami nikamkazia yangu. Nikamwombea watoto, afya na subira, na nilipofika kwenye subira nikatia mafundo mawili pale ncha zilipokutana. Vikapigwa vigelegele vya kutikisa madirisha. Mama mmoja alinishika mkono nikiwa naondoka, akaniuliza kama naweza kurudi mwezi wa pili, kuna kijana wao mwingine anaoa. Nikasema inshallah.

Kwenye tuk-tuk tulicheka mpaka dereva akatuuliza kuna nini, na tulipofika barabara ya kuingia Mji wa Kale kicheko kilikuwa kimetuishia. Shangazi alikuwa ameshika utepe kwa mikono miwili.

Juu tulimkuta rafiki yangu amekaa kitandani, mikono imetandazwa juu ya mito, hina mbichi kuanzia vidoleni hadi kwenye viwiko, miguu vilevile. Uso wake ulifunguka alipotuona. "Haya, nieleze. Amekuwaje?"

Nilitoa uzi wake kwenye kopo, nikauweka juu ya shuka, nikauwekea ule utepe pembeni, fundo kwa fundo. Utepe ulipungua kwa upana wa vidole viwili na zaidi. Alitazama uzi, akatazama utepe, akanitazama mimi.

"Nywele," akasema.

"Nywele," nikajibu.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Machozi yalimtoka tu, yakateremka, na hakuweza kujifuta kwa sababu ya hina, nami nikakaa pembeni yake namfuta kwa ncha ya leso. Shangazi akasema atakwenda Biashara Street sasa hivi, kofia ziko tele, nzuri, nani atajua? Rafiki yangu akasema, "Miye nitajua." Shangazi akasema basi tutie kitambaa kwa ndani, tukikunje, ibane. Hapo bibi, pale mkekani, akainua uso.

"Na akisujudu?"

Sote tuliiona. Safu ya mbele, sheikh, wazee, baba yake, na kofia imeanguka inabiringika juu ya mkeka wa msikiti.

"Nipa hiyo kofia," bibi akasema. Aliivua kwenye bakuli, akaizungusha kwa kidole, ua baada ya ua, akahesabu. Kisha akaomba utepe, akaupima kwa shubiri. "Ua moja latoka. Hapa nyuma, penye maungo. Itabaki kumi na tatu. Tutakata, tutashona safu mpya ya vitundu kuzuia ukingo usifumuke, tuunge. Na kitwa tukipunguze mzunguko wake kidogo, pale hapana kazi kubwa."

"Bibi, miye siwezi kushika sindano," rafiki yangu akasema. Kwao bi harusi akishatiwa hina hagusi kazi yoyote mpaka aolewe, na sindano ndiyo mbaya zaidi. Damu ikimtoka juu ya hina, nyumba nzima italala na wasiwasi.

"Sijasema weye."

"Na wewe huoni."

"Sijasema miye."

Shangazi hajawahi kushona hata kifungo, alijisifia hilo mwenyewe siku niliyofika. Wote watatu wakageuka upande wangu, bibi naye na macho yake yasiyoona, na nilitamani niwe Horohoro nikibishana na afisa wa mpakani.

"Mimi nitaiharibu," nikasema. "Mnanijua. Mimi ni mtu wa haraka."

"Basi usiwe," bibi akasema. "Ndoo hapa, kaa."

Nilikaa. Rafiki yangu akasogezwa ukingoni mwa kitanda ili aone, mikono yake imeinuliwa mbele kama mtu aliyebeba sinia lisiloonekana. Nikashika mkasi. Bibi akaweka kiganja chake juu ya mkono wangu, akasema "Bismillahi," tukakata pamoja. Sauti ya mkasi ukipita kwenye kazi ya wiki mbili za mtu siisahau. Ua likaanguka mapajani mwangu. Rafiki yangu alifumba macho.

Tulifanya kazi hivyo, watu watatu kufanya mshonaji mmoja. Yeye aliona, bibi aligusa, mimi nilishona. "Chini kidogo. Hapo. Usivute sana, polepole." Kitundu kikiisha nilimpa bibi, kidole kikapita, nikangoja kama mtuhumiwa. Cha kwanza alikifumua. Cha pili akakifumua. Cha tatu akanirudishia bila neno na nikapumua. Vilihitajika kumi na kimoja. Kwenye cha tano rafiki yangu alisema "polepole" kwa mara ya ishirini na hasira zikanipanda.

"Ukisema polepole tena nakuchoma sindano, hina au si hina!"

Halafu bibi akaanza kucheka, cheko la kifuani, mabega yanaruka, na rafiki yangu akafuata, machozi yakimtoka upya, nami tena kumfuta. Tulipotulia nikashika sindano upya. Adhana ya magharibi ilinikuta kwenye cha nane, na bibi akasema mwanga huu si wa kushonea, tulale, kesho ipo. Mimi nilitaka kuendelea. Akaichukua sindano, akaichomeka kwenye leso yake.

Ijumaa tulianza baada ya chai. Kitundu cha kumi kilienda upande. Bibi akakifumua, nikarudia, kikaenda upande, akakifumua, nikarudia. Mara ya tatu kidole chake kilisimama hapo muda mrefu.

"Hiki kiwache," akasema. "Kijulikane kuwa mgeni alifika."

Kabla ya saa sita kofia ilikuwa imeungwa. Shangazi akaitia wanga, akaipiga pasi ikiwa juu ya bakuli dogo zaidi, mvuke ukipanda, akaifunga kwenye kitambaa cheupe pamoja na kanzu na kuipeleka Ganjoni mwenyewe. Alirudi akasema ameikabidhi kwa mama wa bwana harusi. Amejaribishwa? Hapana, alikuwa anaoga. Hatukujua kama inamkaa au haimkai.

Alasiri ile rafiki yangu alipambwa na sijui niieleze vipi. Hina ilikuwa imeshika nyeusi na nyekundu, shingoni asumini, nguo ya kijani yenye nyuzi za dhahabu. Nilikuwa natazama mtu niliyekuwa nakula naye chipsi chumbani chuoni na nikaona aibu kumwita kwa jina. Adhana ikasikika. Chumba kilijaa wanawake, kila mmoja na la kusema, na yeye akanishika kidole kimoja chini ya leso akakibana. Alikuwa hawazi ndoa, nilimjua. Alikuwa anahesabu rakaa.

Kisha vigelegele vikaanza chini mlangoni, vikapanda ngazi. Ndoa imefungwa. Wanawake wakajitanda, na bwana harusi akapandishwa kuja kumpa mkewe mkono.

Bi harusi pale hatakiwi kuinua macho wala kusema neno. Alifundishwa hivyo wiki nzima, niliyasikia mafunzo yale kwa masikio yangu. Bwana harusi akaingia. Kanzu nyeupe, joho, na juu ya kichwa chake maua kumi na matatu. Akainama kwa bibi kwanza. Bibi hakumgusa uso. Aliweka mkono kwenye kofia, akaizungusha kwa kidole hadi nyuma, akapata kitundu kilichokwenda upande, akatabasamu.

"Kumbe kitwa cha mume wangu ni kidogo," akasema. "Lakini kimejaa."

Watu wakacheka. Bwana harusi akaja kitandani, akakaa, akanyoosha mkono. Rafiki yangu akaupokea, kichwa chini, vizuri kabisa, kama alivyofundishwa. Na hapohapo, neno lake la kwanza akiwa mke wa mtu, mbele ya mashangazi wa pande zote mbili, likamponyoka:

"Ilianguka?"

Shangazi akashika mdomo. Yeye bwana harusi hakushtuka hata kidogo. Akainama sikioni mwake, lakini alisema kwa sauti iliyotufikia sote.

"Rakaa nne, sijida nane. Haikutikisika." Kisha akageuka, akanitafuta kwa macho katikati ya wanawake, akanipata. "Nao watu wa Morogoro waambie, mila yao ni nzuri."

Rafiki yangu akainua uso. Hakutakiwa, lakini aliuinua, akaitazama kofia yake juu ya kichwa cha mumewe, ikiwa imetoka kule ambako yeye hakufika, na wanja wote uliochorwa kwa saa nzima ukateremka mashavuni. Safari hii mikono yake ilikuwa huru, na hakujifuta. Mimi nilipiga kigelegele. Kilitoka kibaya kama siku zote, na chumba kizima kikakipokea.

Lile ua la kumi na nne alinipa siku niliyoondoka. Liko kwenye pochi yangu, nyuma ya kitambulisho.